Ngazi ya Marubani: Ujira na Ukongwe wa Kazi Katika Anga ya Shinyanga na Geita

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijapaa angani. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili cha pwani lilimtaja mtu ajuaye njia ya maji: mahali penye mwamba, mahali penye mkondo, na saa ya kuingia bandarini. Nahodha alishika amri ya chombo, sarahangi aliwasimamia mabaharia, na rubani alikuwa mwenye elimu ya njia. Eropleni zilipofika Afrika ya Mashariki, wasemaji wa Kiswahili hawakumwita mwendeshaji wake dereva, ingawa neno hilo walikuwa nalo tayari kwa ajili ya motokaa. Walimwita rubani. Kwa kumpa jina hilo walitoa hukumu bila ya kukusudia: kwamba kazi yake si kushika usukani tu, bali ni kujua lini pa kupita na lini pa kutopita.

Basi yafaa kuuliza elimu ya namna hiyo hulipwaje, na miongoni mwa wenye elimu hiyo nani humtangulia mwenziwe. Swali hili huonekana kuwa la makarani wa mishahara. Walakini katika nchi iliyo kusini ya ziwa Viktoria, toka Shinyanga yenye almasi hadi Geita yenye dhahabu, ambako ndege ndogo huruka na kutua kila siku, ni swali linalogusa maisha ya abiria kama linavyogusa mfuko wa rubani. Historia yake ni ndefu kuliko historia ya ndege yenyewe.

Kabla ya injini kulikuwa na njia mbili mashuhuri za kuwalipa watu wa safari. Ya kwanza ni ya majahazi. Mabaharia wengi wa vyombo vya Bahari ya Hindi hawakuwa na mshahara wa mwezi. Walingoja safari ikome, gharama zitolewe, mwenye chombo achukue haki yake, kisha kilichosalia kikagawanywa mafungu. Nahodha alipata mafungu zaidi, baharia fungu lake. Safari ikiwa njema wote walineemeka. Ikiwa mbaya wote walirudi na deni. Njia ya pili ni ya misafara ya bara. Wanyamwezi, na Wasukuma pamoja nao, walikuwa wapagazi hodari wa karne ya kumi na tisa. Hao walipatana ujira kabla ya kuondoka, tena wakapewa posho ya chakula njiani, aghalabu kwa vipande vya nguo. Walikuwa na daraja zao: kirangozi alitangulia mbele akiongoza njia, wanyampara waliwasimamia wenzao, na mpagazi mpya alijua mahali pake. Cheo cha kirangozi hakikuuzwa wala hakikurithiwa kwa urahisi. Kilitokana na safari nyingi alizokwisha kuzifanya mtu. Na wapagazi walikuwa na silaha moja kubwa, nayo ni kutua mzigo. Msafara ambao wapagazi wake wamegoma au wametoroka ulikuwa umekufa, hata mwenyewe awe tajiri namna gani.

Mambo hayo mawili, fungu la baharia na mzigo uliotuliwa na mpagazi, yanastahili kukumbukwa, maana rubani wa leo angali akilipwa kwa namna inayofanana na moja au nyingine kati yake.

Safari za ndege za kawaida zilifika katika nchi ya ziwa mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Shirika la Imperial Airways lilipofungua safari ya kutoka London kuja Afrika ya Mashariki tarehe 28 Februari 1931, mwisho wa safari hiyo ulikuwa Mwanza; hata mwezi wa Januari 1932 ndipo njia ilipoendelezwa hadi Cape Town. Huko Nairobi, Bibi Florence Kerr Wilson alikuwa amekwisha kuanzisha Wilson Airways mwaka 1929, kampuni ya ndege ndogo iliyochukua barua na abiria mpaka vita vya pili vya dunia vilipoikomesha. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui, katika nchi ya Shinyanga, na mgodi ukajengewa kiwanja chake cha ndege. Geita nako dhahabu ilichimbwa na kampuni ya Kiingereza tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966. Mali ya namna hii, nyepesi kwa mzani na nzito kwa bei, ndiyo inayopatana na ndege. Na mahali ambapo barabara hukatika wakati wa masika, ndege si anasa.

Tarehe 1 Januari 1946 serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilianzisha shirika moja la ndege, East African Airways, lenye makao yake Nairobi. Lilianza na ndege ndogo za mbao na turubai aina ya Dragon Rapide, likapata Dakota, na kufikia mwaka 1960 likawa na Comet zenye injini za jeti. Katika miaka hiyo ya mwanzo viti vya marubani vilikaliwa na Wazungu, wengi wao wakiwa wametoka katika jeshi la anga baada ya vita. Mwafrika alipakia mizigo, alitia mafuta, alifagia, na baadaye alihudumia abiria. Hali hiyo haikuwa ya ndege peke yake. Katika utumishi wa serikali za nchi hizi, Tume ya Holmes ya mwaka 1947 na 1948 ilikubali kanuni ya kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu hata wakifanya kazi moja. Kanuni hiyo ilipingwa sana, na Tume ya Lidbury, katika taarifa yake ya mwaka 1954, ilishauri iondolewe. Lakini kuondoa kanuni katika karatasi si kuondoa matunda yake. Kazi ambayo ngazi yake hupandwa kwa miaka humpa faida yule aliyetangulia kuingia. Na aliyefungiwa mlango mwaka 1946 hawezi kuwa mkongwe mwaka 1961.

Hapo ndipo penye kitendawili cha ukongwe wa kazi. Kanuni yenyewe haina rangi wala kabila: aliyeajiriwa jana yu chini ya aliyeajiriwa juzi, basi. Lakini kama juzi mlango ulikuwa na bawabu, kanuni isiyo na upendeleo huendeleza upendeleo wa zamani kwa muda wa maisha ya mtu mzima. Baada ya uhuru, vijana wa Kiafrika walipoanza kupelekwa kusomea urubani, walikuta ngazi imejaa watu katika vipago vyake vya juu. Mwaka 1971 chuo cha urubani kilifunguliwa Soroti, nchini Uganda, kwa ajili ya nchi zote tatu, ili chini ya ngazi hiyo waingie watu wengi wa nchi hizi.

Upande wa Tanzania jambo jingine liliongezeka. Mwezi wa Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Julius Nyerere alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Na tarehe 5 Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha. Tangu hapo mshahara mkubwa ukawa jambo la kujibiwa mbele ya watu. Mkulima wa pamba wa Shinyanga ndiye aliyekuwa kipimo. Rubani alikuwa mahali pagumu katika mizani hiyo. Kwa upande mmoja alisomeshwa kwa fedha za mkulima huyo. Kwa upande wa pili soko lake lilikuwa la dunia nzima, na leseni yake iliweza kufahamika katika nchi nyingi za ng'ambo. Mwalimu wa shule angeweza kuambiwa avumilie, naye akavumilia kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Rubani angeweza kuambiwa maneno hayo hayo, lakini alikuwa na mlango wa pili.

Mapema mwaka 1977 East African Airways ilivunjika pamoja na Jumuiya iliyoimiliki. Kenya ikaanzisha shirika lake, Tanzania ikaanzisha Air Tanzania mwezi wa Machi mwaka huo, na mpaka wa nchi hizi mbili ukafungwa mpaka mwaka 1983. Watu huukumbuka mwaka huo kwa siasa. Kwa watu wa kazi ulikuwa mwaka wa somo chungu. Ukongwe ni mali, lakini ni mali isiyochukulika. Rubani aweza kubeba leseni yake na daftari la saa alizoruka akaenda nalo popote. Namba yake katika orodha ya shirika haibebeki. Shirika likifa, namba hufa nalo. Kiinua mgongo nacho hakikuwa salama. Mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa sahihi mwezi wa Mei 1984, miaka 7 baada ya mvunjiko, na Watanzania waliokuwa watumishi wa Jumuiya hiyo, wa reli, bandari, posta na ndege, waliendelea kudai haki zao hata karne mpya ilipoingia, wakafika mahakamani. Mwaka 2005 ndipo walipopatana na serikali juu ya malipo, na hata baada ya hapo manung'uniko hayakwisha. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Ili kufahamu kwa nini marubani wa dunia waliishikilia kanuni ya ukongwe licha ya hatari hiyo, hapana budi kuvuka bahari. Huko Marekani, katika miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930, wenye makampuni walikuwa na amri kamili juu ya rubani. Aliyekataa kuruka katika ukungu aliweza kuambiwa kwamba yuko mwingine atakayekubali. Mwaka 1931 marubani waliunda chama chao, kikiongozwa na David Behncke. Mwezi wa Mei 1934, Baraza la Kazi la nchi hiyo lilitoa hukumu yake ya 83, iliyokuja kuwa msingi wa malipo ya marubani: mshahara wa msingi unaopanda kwa miaka ya kazi, juu yake malipo ya saa na ya maili, na mwisho wa saa za kuruka uwe 85 kwa mwezi. Pamoja na malipo hayo ilikua desturi ya orodha. Namba ya mtu ndiyo iliyoamua ataruka ndege gani, atakaa kiti cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha msaidizi, atapata likizo lini, na kazi zikipungua nani aachishwe kwanza.

Maana ya orodha hiyo haikuwa kuwatukuza wazee. Maana yake ilikuwa kumwondolea mwajiri uwezo wa kumlipa mtii na kumwadhibu mkaidi. Kapteni aliyekataa kuondoka kwa sababu ya dhoruba aliamka kesho yake akiwa na namba ile ile. Kwa hiyo ukongwe ulikuwa kinga ya neno moja, nalo ni neno hapana.

Usukuma ya zamani ilizijua namna zote mbili za kupanga watu. Wazee, banamhala, walikuwa na heshima ya umri katika mabaraza; lakini vijana waliokwenda kulima kwa pamoja walikuwa na mkuu wao, nsumba ntale, aliyechaguliwa na wenzake kwa kuwa aliaminika kuongoza kazi. Hakuna aliyedhani kwamba namna moja yatosha kwa kila shughuli. Anayelalamika leo kwamba ukongwe humfunga hodari nyuma ya mzembe ana hoja ya haki. Walakini katika jembe kosa la kiongozi huonekana palepale na kurekebishwa; katika ndege uhodari wa kweli mara nyingi ni safari isiyofanywa, na safari isiyofanywa haina mtu wa kuisifu.

Sasa turejee kwenye dhahabu. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ukaanza mwaka 2009. Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Migodi ilileta wahandisi, wakaguzi, madaktari na mafundi ambao saa yao moja ina bei kubwa, na watu wa namna hiyo hawangoji basi. Makampuni ya ndege ndogo yakapata kazi, na Mwanza ikawa kituo chao. Ndege iliyo mashuhuri miongoni mwao ni ya Cessna yenye injini moja, inayochukua abiria wapatao 12, inayoweza kutua katika viwanja vya changarawe. Jina lake la kiwandani ni Caravan, yaani msafara. Na kwa kweli hupita juu ya nchi ile ile iliyokanyagwa na wapagazi.

Kijana aliyemaliza chuo huja na leseni ya biashara, ambayo kwa kanuni za kimataifa hupatikana kwa saa zipatazo 200 za kuruka. Leseni ya juu, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, hutaka saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 pana bonde, na bonde hilo ndilo maisha ya rubani wa ndege ndogo. Amekwisha kutumia fedha nyingi za wazazi au za mkopo. Kila saa anayoruka humpunguzia umbali wa ng'ambo ya pili. Kwa hiyo mwajiri humlipa kwa sarafu mbili: shilingi na saa. Na kwa kuwa kijana huzitamani saa kuliko shilingi, mshahara waweza kuwa mdogo na bado watu wakapigania nafasi.

Mbele yake zimo njia tatu. Ya kwanza ni kubaki katika ndege ndogo, kuwa kapteni upesi, kulala nyumbani Mwanza, na kujulikana na abiria kwa jina. Ya pili ni kuingia shirika kubwa la nyumbani, kukaa kiti cha kulia kwa miaka, na kungoja zamu. Ngazi ya shirika hupandika tu ikiwa walio juu wanastaafu au ndege zinaongezeka. Aliyeingia Air Tanzania kabla ya Desemba 2008 aliliona shirika likinyang'anywa cheti cha kuruka. Aliyeingia lilipofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Bombardier aliona ndege kubwa aina ya Boeing 787 ikifika mwaka 2018. Mtu wa kwanza hakuwa mjinga wala wa pili hakuwa na akili zaidi. Tofauti yao ilikuwa tarehe. Wale wa Fastjet, iliyoanza safari za Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro mwezi wa Novemba 2012, walipanda ngazi iliyokuja kuondolewa ukutani mwishoni mwa mwaka 2018. Njia ya tatu ni Ghuba, kwenye mashirika makubwa ya Waarabu, ambako mshahara hauna mfano wa nyumbani. Lakini anayekwenda huko na miaka yake 10 huanza tena kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kazi yake hutegemea mkataba wa ugenini.

Wasomi wa uchumi huridhika wakisema kwamba soko litapanga. Soko limekwisha kupanga kwingine, na matokeo yameandikwa. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya kampuni ndogo iitwayo Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Ndege yenyewe ilikuwa Bombardier Q400, aina ile ile iliyonunuliwa na Tanzania mwaka 2016. Wachunguzi waliona kwamba kapteni alikosea katika kuiokoa ndege iliyokuwa ikipoteza mwendo. Lakini katika uchunguzi huo yakafunuliwa na mengine: kwamba rubani msaidizi alikuwa na mshahara wa dola 16,000 hivi kwa mwaka, kwamba aliishi kwa wazazi wake upande wa pili wa bara, na kwamba alisafiri usiku kucha kufika kazini. Mwaka 2010 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyokuja kuwataka hata marubani wasaidizi wawe na leseni ya saa 1,500. Tiketi ya abiria haikuwa imemwambia neno juu ya mshahara huo, ingawa alikuwa amekaa nyuma yake.

Kwa kanuni za dunia, kapteni ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya chombo chake. Kauli hiyo ni yake katika karatasi, popote aendapo. Lakini katika kampuni ya ndege chache, isiyo na orodha wala chama, ambako mkataba ni wa muda mfupi na malipo hufuata saa zilizorukwa, kauli hiyo ina bei, naye huilipa mwenyewe. Wingu jeusi likisimama juu ya ziwa saa tisa mchana, na abiria wa mgodi wakiwa wametazama saa zao, kapteni anayekataa hupoteza malipo ya safari na pengine upendeleo wa bwana wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humkinga mfanyakazi asiachishwe kwa dhuluma. Hata hivyo kinga hiyo haimfikii ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na mkataba uliokoma bila ya kurudishwa huwa mgumu kuushtaki. Anayelipwa kama baharia wa jahazi, kwa fungu la safari iliyofika, ana sababu ya kutaka kila safari ifike.

Dawa haiko mbali na mambo yaliyokwisha kujulikana. Mshahara wa msingi uwe mkubwa kiasi cha kwamba saa isiyorukwa isimletee mtu njaa. Safari iliyoahirishwa kwa sababu ya usalama ilipwe kama iliyofanywa. Orodha ya ukongwe, hata katika kampuni ya marubani 8, iandikwe na kubandikwa ukutani, ili kila mtu ajue kwamba nafasi yake haitokani na tabasamu la mkuu. Na ukongwe usipite mipaka yake: uamue zamu, likizo na kupunguzwa kazi, lakini kiti cha kapteni kifunguliwe kwa mtihani baada ya zamu kufika. Migodi nayo, ambayo hudai usalama mkubwa chini ya ardhi, ingeweza kuuliza swali moja zaidi kabla ya kukodi ndege: rubani huyu akikataa kuruka, hulipwa nini?

Wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma hawakuwa na leseni wala vyama vilivyoandikishwa, lakini waliweza kutua mzigo, na matajiri walijifunza kupatana nao kabla ya kuondoka. Rubani hana nafasi hiyo akiwa angani. Mzigo wake hautuliki njiani. Uhuru wake wote umo ardhini, katika dakika zile chache kabla ya injini kuwashwa, na dakika hizo ndizo ambazo mshahara na ngazi ya kazi vinapaswa kuzilinda.